Waya Uliokuwa Chini ya Kiti

Upendo mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anakukaangia kuku wa safari, na wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Jua bado lipo. Nina kama saa mbili hivi kabla hujarudi, nami nimechukua daftari lako la zamani la chuo, lile lililobaki na kurasa nyeupe, nikakaa hapa mezani. Kuna jambo nimetaka kukuambia kwa mdomo kwa wiki tatu sasa. Kila nikianza, najikuta nakuuliza kama umeshakata tiketi.

Sitakuandikia habari za baridi ya Iringa, wala za kula vizuri, wala za watu wa kuwaamini na wa kutowaamini. Hayo mama yako ameshakuambia mara mbili mbili, na masweta ameshayakunja. Mimi nataka kukuandikia habari za Lomayani.

Wewe Lomayani unamjua kwa jina tu. Ulipofika miaka kumi na mitano nilianza kukupeleka pale hotelini ninapofanya kazi Jumapili mchana, nikakupandisha kwenye ile mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia na kuendesha kama gari, ambayo sisi tuliiita kitrekta. Nilianza kukufundisha visu vikiwa vimezimwa, taratibu, kwenye sehemu tambarare. Na kila nilichokufundisha nilikufundisha kwa kumtaja yeye. Chomoa funguo kwanza, usiwe kama Lomayani. Usiingize mkono huko, au unataka vidole vya Lomayani? Wewe ulicheka, na mimi nilicheka.

Wiki tatu zilizopita ulirudi kutoka kwenye usaili una furaha hata viatu hukuvua. Ukatuambia kwamba wale watu wa shule ya Iringa walikuuliza kwa nini wakukabidhi wewe msichana viwanja vinne vya mpira na mashine mpya, na wewe ukawasimulia habari ya mtu aliyepoteza vidole kwa uzembe wake.

"Wakaniuliza nimeijuaje," ulisema. "Nikawaambia baba yangu alikuwepo. Baba yangu ndiye aliyenifundisha."

Mama yako akakukumbatia. Mimi nikasema naenda kuangalia kama maji yametoka, nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi mpaka mlipoanza kuniita.

Kazi ni yako, mwanangu. Umeisomea, na unaendesha vizuri kuliko mimi. Lakini ile habari uliyowaambia si ya kweli, na aliyekupa ni mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa wawili kwenye kitrekta, mimi na Lomayani, kwa zamu. Yeye alitangulia kuajiriwa, na ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha. Ni Mwarusha wa Kisongo, mrefu, mpole, amenizidi miaka sita au saba. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini akiwa anakata majani. Akiona kinyonga mbele yake anasimamisha mashine, anashuka, anamwondoa kwa kijiti, kisha anaendelea. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyekufanya umwite mzembe.

Chini ya kiti cha kitrekta kulikuwa na swichi. Ukikaa, uzito wako unaibonyeza na visu vinakubali kuzunguka. Ukinyanyuka, visu vinasimama vyenyewe, ingawa injini inaendelea kunguruma vilevile. Ilikuwa ni kitu kidogo kama kiberiti. Shida yake ni kwamba mimi wakati ule nilikuwa mwembamba, na ile bustani ikianza kushuka kuelekea mfereji ina mashimo ya fuko. Nikirushwa kidogo tu kwenye kiti, visu vinasimama. Mpaka nigundue na kuviwasha tena, nimeshaacha mstari wa majani marefu nyuma yangu. Siku moja nilimaliza upande mzima wa chini, nikageuka kuangalia, nikaona bustani imejaa mabaka. Meneja alikuwa amesimama barazani na wageni.

"Baba Upendo," akasema, "leo umenyoa au umeng'ata?"

Wageni wakacheka. Alisema kwa utani tu, na nina hakika alisahau kabla chai yake haijapoa. Mimi niliondoka na ule utani nikaingia nao stoo. Nikakata kipande cha waya, nikaifunga ile swichi ikae imebonyezwa muda wote. Kazi ya dakika tano. Kuanzia siku ile visu havikusimama tena, hata ningenyanyuka na kucheza ngoma juu ya mashine. Bustani ikatoka safi kama zulia. Nilijiona fundi.

Lomayani hakuwepo siku hizo. Alikuwa kwao Kisongo kwenye msiba wa baba yake mdogo. Nilisema akirudi nitamwambia, na nilikuwa na nia hiyo kweli. Akarudi Jumanne asubuhi. Nikampa pole, akaniuliza kama mvua ilinyesha huku, nikamwambia ilinyesha sana. Akachukua funguo akaenda. Sikukusudia kumficha, Upendo. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau kurudisha bakuli la jirani. Mpaka hapo ningeweza kusema nilipitiwa. Yaliyofuata siwezi kuyasema hivyo.

Siku ile ile majani yalikuwa yamelowa. Unajua majani mabichi yanavyojazana kwenye mdomo wa kutolea mpaka yakaziba. Utaratibu wake unaujua pia: unazima visu, unazima injini, unachomoa funguo unazitia mfukoni, unasubiri mpaka visu vitulie kabisa, ndipo unashuka na kijiti chako. Sisi wawili tulikuwa tunaufupisha. Tunavuta breki, tunanyanyuka, swichi inasimamisha visu, tunashuka na kuzibua injini ikiwa bado inanguruma. Tulifanya hivyo miaka mitatu bila hata mkwaruzo. Lilikuwa kosa letu sote na silikatai. Ila kosa lile lilikuwa na ile swichi ya kutulinda, na mimi ndiye niliyeiondoa bila yeye kujua.

Nilikuwa napunguza michongoma, kama hatua thelathini kutoka alipokuwa. Mdomo ukaziba. Nikamwona anavuta breki. Nikamwona ananyanyuka kwenye kiti. Na pale pale, kabla hajaweka mguu chini, nikaukumbuka waya.

Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Fupi, lakini ilikuwepo, maana Lomayani alikuwa mtu wa kufanya mambo polepole. Alishuka, akazunguka mbele, akachutama. Mimi nilifungua mdomo nikaufunga. Meneja alikuwa barazani na wageni wengine, na niliona wazi kwamba nikipiga kelele nitaulizwa umejuaje, na nitalazimika kusema mbele ya wale wageni kwamba nimeichezea mashine. Hicho ndicho kilichonizuia. Sikutaka kuchekwa mara ya pili.

Nimejiambia kwa miaka yote hii kwamba hata kama ningeita, asingenisikia kwa mlio wa injini. Lakini kutoka umbali ule ule nilikuwa namwita kila siku saa nne kwenda kunywa chai, mashine ikinguruma, naye alikuwa anasikia.

Vilikwenda vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Watu walikuja mbio, wakamfunga mkono kwa kitambaa cha meza, wakamwingiza kwenye gari la hoteli. Aliniita kwa jina. Alitaka niingie naye. Nikasema tangulieni, mimi nazima mashine. Gari lilipotoka getini nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikaufungua ule waya nikautia mfukoni. Rafiki yangu alikwenda hospitali ameshikwa mkono na mpishi kwa sababu mimi nilibaki kufungua waya.

Baada ya siku mbili aliletwa fundi kuikagua mashine mbele yetu. Akakaa, akawasha visu, akanyanyuka, visu vikasimama. Akarudia mara tatu. Meneja akaandika kwamba Lomayani hakunyanyuka, aliinama akiwa amekaa kitini na kuingiza mkono. Mimi nikaulizwa niliona nini. Nilishaandaa maneno yangu. Nilisema, "Mimi sikuona akinyanyuka."

Lomayani alipokuja na mkono wake uliofungwa, alijieleza kwa utulivu kabisa. Alisema alivuta breki na kunyanyuka kama siku zote. Wakamwambia mashine imepimwa na ni nzima. Akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo. Nilinyanyuka au sikunyanyuka?"

Nilitazama mikono yangu, nikasema nilikuwa nakata michongoma.

Wakamwachisha kazi kwa uzembe. Kitrekta nikabaki nacho peke yangu, na ndicho ulichokuja kujifunzia. Unakumbuka nilivyokuwa mkali? Nilikufanya ukague ile swichi kila mara kabla hujaanza, ukae, unyanyuke, uangalie. Ulidhani ni ufundi. Ilikuwa ni hofu, mwanangu. Lakini endelea kufanya hivyo hivyo huko uendako, na usiache hata siku moja ukiwa na haraka, wala usimwamini anayekuambia jana ilikuwa nzima. Hujui aliyekutangulia kwenye kile kiti alifanya nini akiwa peke yake stoo. Huenda ni mtu mzuri tu anayekusalimia vizuri kila asubuhi.

Siku chache baada ya usaili wako nilikwenda Kisongo. Sikuaga nyumbani, nilisema nina shughuli. Nilimkuta Lomayani anarekebisha ua wa zizi, anapigilia misumari kwa mkono wa kushoto. Ana mvi sasa. Nikamwamkia shikamoo kama zamani, akaitikia, akafurahi kuniona. Alidhani nimeleta kadi.

"Upendo anaolewa?" akauliza.

Nikamwambia hapana, umepata kazi, kazi ile ile yetu. Akasema Mungu ni mwema, akataka kuniletea kigoda. Nikamwomba asilete. Nikamwambia habari ya waya nikiwa nimesimama, haraka haraka, nikitazama nyundo.

Aliiweka nyundo chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kipigo. Alichouliza ni kitu kimoja.

"Kwa hiyo nilinyanyuka?"

"Ulinyanyuka, kaka."

"Nilinyanyuka," akasema tena, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake.

Kisha akanieleza kwamba kule hospitali alikuwa na hakika. Lakini baada ya kila mtu kumwambia mashine ni nzima, na mimi kukataa, alianza kujiona ameinama kutoka kwenye kiti. Picha ikamjia polepole mpaka ikawa ndiyo kumbukumbu yake. Akaacha kujiamini hata kwenye mambo madogo. Akifunga zizi, anarudi kuangalia kama amefunga. Akilipia kitu dukani, anamwuliza muuzaji kama amelipa. Niliyachukua mengi kuliko vidole vyake, Upendo, na nilikuwa sijui.

"Njoo Jumapili," akaniambia. "Uyaseme tena mke wangu akiwa amekaa."

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani na ninyi. Nilisema kichwa kinaniuma, nikaenda. Mke wake anaitwa Mama Naserian, unaweza kuwa ulimwona sokoni bila kumjua. Alinipa chai ya maziwa, akakaa, nami nikayasema yote ya waya. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa kwenye michongoma.

"Ulikuwa unamwona?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata kwenye kuungama kwangu nilikuwa nimeacha kitu. Lomayani sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimekiri waya, nikadhani nimemaliza.

"Nilimwona," nikasema. "Niliukumbuka waya kabla hajainama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hakunitukana, mwanangu. Aligeuza kiti chake akanipa mgongo, akamtazama mumewe. Akamwambia: "Ulipotaka kujifunza pikipiki nilikuambia utajiua kwa uzembe wako. Nimekuficha panga ndani ya nyumba yako mwenyewe. Nimewafundisha watoto wasikupe kitu chenye makali, nao wakakuona baba yao ni mtu wa kuangaliwa. Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha, mimi nikiwa nimekaa pale na kikombe chake mkononi.

Lomayani alimjibu kwa lugha yao ya Kimaa, maneno machache ambayo sikuyaelewa. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia nitakwenda hotelini kwa meneja wa sasa, nieleze, taarifa iandikwe upya. Akasema hilo ni langu, nifanye au nisifanye. Nilipomwomba msamaha akasema, "Usije mpaka nikuite." Hajaniita. Hotelini nilikwenda Jumatatu. Wamesema watanijulisha. Nikiachishwa, usishtuke, na usirudi nyumbani kwa sababu hiyo.

Mama yako nilimweleza jioni ya siku ile ya Jumapili. Umeona mwenyewe nyumba ilivyokuwa kimya, ukadhani ni huzuni ya wewe kuondoka. Sehemu ni hiyo, sehemu ni mimi.

Sasa wewe unakwenda kuanza kazi kwa watu ambao umewasimulia uongo bila kujua. Naomba uwarekebishie. Hutafukuzwa kwa kusema kwamba baba yako alikudanganya. Na hata ukionekana mtoto wa mtu wa hovyo, hiyo ni aibu yangu uliyobebeshwa. Usiifiche ikawa yako.

Siku moja na wewe utaharibu kitu. Utagonga mti, utasahau kufunga mfuniko wa petroli, utafupisha utaratibu kwa sababu mtu anakutazama na wewe unataka kuonekana hodari. Sikuombei yasikukute, maana yatakukuta. Ninachokuomba ni kwamba siku hiyo usiwaze kwanza watasema nini. Piga kelele. Hata kama ni kosa lako, hata kama watacheka, hata kama mwenzako yuko mbali na unadhani hatasikia, wewe piga kelele.

Naona jua limefika kwenye mapaa ya nyumba za Levolosi, na sauti yako naisikia huko njiani unaongea na jirani.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uikute ukishafika Iringa. Nilishachagua hata mfuko. Ningekusindikiza stendi kesho alfajiri, ungenikumbatia kama baba uliyemjua, ningeondoka na hilo kumbatio, na wewe ungesoma ukiwa mbali ambako siwezi kuuona uso wako. Nimekaa na kalamu mkononi nikagundua kwamba hapo ningekuwa nakunyamazia na wewe.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, sasa hivi, ukiingia mlangoni, kabla hatujala. Mama yako anajua, atakuachia chumba. Mimi nitakuwa nje kwenye ngazi. Ukimaliza kusoma, njoo ukae na mimi, au usije. Ukitaka kesho usindikizwe na mama yako peke yake, niambie tu, nitabeba begi mpaka getini nirudi.

Baba yako